Buti Limefungwa na Betri Imekufa: Njia za Kulifungua Bila Kulivunja, na Haki za Mlaji

Matini ya mada iliyotolewa kwa wakazi, madereva na wafanyabiashara wa Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam

Nawashukuru kwa kuacha maduka na vibanda vyenu kwa saa moja ili tuzungumze jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, linaweza kuonekana dogo. Mmezoea kutusikia tukizungumzia bidhaa bandia, vipimo vilivyopunjwa na risiti zisizotolewa. Leo mada yetu ni buti la gari ambalo limekataa kufunguka kwa sababu betri imekufa.

Jambo hili tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mahali tulipo. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Shughuli ya mahali hapa ingali ile ile ya kubeba mizigo, ila sehemu kubwa ya mizigo hiyo leo hubebwa na mabuti ya magari madogo. Mtaji wa wiki nzima wa mfanyabiashara unaweza kuwa umelala ndani ya buti moja lililoegeshwa Mtaa wa Sikukuu. Sababu ya pili ni kwamba mtu aliyefungiwa nje ya mali yake, juani, katikati ya msongamano, ana haraka, na mlaji mwenye haraka hukubali bei yoyote na kazi yoyote. Ndiyo maana taasisi za kumlinda mlaji zina la kusema hapa.

Nililokuja kuwaeleza ni hili: karibu kila gari lina njia ya kulifungua buti bila umeme, na njia hiyo iliwekwa na mtengenezaji mwenyewe. Ni nadra kuhitaji nyundo, bisibisi au kuchimba kitasa. Kinachokosekana ni taarifa, na taarifa ni haki ya mlaji.

Kwa nini buti hukataa kufunguka

Katika magari ya zamani, buti lilikuwa na tundu la ufunguo, au waya wa chuma uliotoka kwenye mkono mdogo pembeni mwa kiti cha dereva hadi kwenye komeo la nyuma. Umeme haukuhusika kabisa. Corolla na Carina nyingi zinazoonekana bado mitaani mwetu ziko hivyo.

Magari mengi yaliyokuja baadaye hayana tundu hilo. Ukibonyeza kitufe kilicho juu ya kibati cha namba, au kitufe cha rimoti, ishara hupelekwa kwenye injini ndogo ya umeme inayovuta komeo. Injini hiyo hutegemea betri ya volti 12, na betri ikiisha, kitufe hakina la kufanya.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale betri yenyewe inapokuwa imewekwa nyuma. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, ina betri yake ya volti 12 upande wa nyuma kulia, ndani ya sehemu ya mizigo. Aina kadhaa za BMW na Mercedes-Benz nazo huweka betri ndani ya buti. Mwenye gari hujikuta katika mzunguko: ili buti lifunguke anahitaji betri, na ili aifikie betri anahitaji buti lifunguke. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuita mtu wa kuvunja. Lakini watengenezaji waliuona mzunguko huo tangu wakiwa kiwandani, wakaweka njia ya kutokea. Tuifuate kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: tambua ni betri ipi iliyokufa

Gari la siku hizi lina betri mbili zinazohusika na milango: betri kubwa ya gari, na betri ndogo ya duara, mithili ya sarafu, iliyo ndani ya rimoti. Watu wengi wametozwa fedha za betri kubwa ilhali iliyokufa ni ndogo.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Bonyeza rimoti. Isipojibu, fungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa chuma, kama nitakavyoeleza punde, kisha tazama taa ya ndani na jaribu honi. Ikiwa taa inawaka kwa nguvu na honi inalia, betri kubwa ni nzima. Tatizo liko kwenye rimoti. Nunua betri ndogo yenye namba ile ile iliyoandikwa usoni mwa ile ya zamani, kwa mfano CR2032 au CR1632. Usikubali namba inayokaribiana kwa hoja kwamba zote ni sawa, kwa kuwa unene na upana hutofautiana. Ikiwa taa ni hafifu au haipo kabisa, na honi iko kimya, basi betri kubwa ndiyo iliyoisha.

Hatua ya pili: ufunguo wa chuma uliofichwa

Rimoti nyingi za magari yanayowashwa kwa kitufe zina ufunguo mwembamba wa chuma ndani yake. Tafuta kitufe kidogo au kikato pembeni mwa rimoti, kisukume, kisha uvute, ufunguo utachomoka. Wapo waliomiliki gari miaka kadhaa bila kujua kwamba wanautembeza ufunguo huo mfukoni kila siku.

Ufunguo huo huingia kwenye mlango wa dereva, ambao kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni mlango wa kulia wa mbele. Katika baadhi ya magari tundu lake limefunikwa na kipande cha plastiki mwishoni mwa mkono wa mlango. Kipande hicho hubanduliwa taratibu, bila kukwaruza rangi. Kwa kuwa tundu hilo hutumika mara chache, huweza kuwa na vumbi na kutu, hasa katika mji wenye hewa ya bahari kama huu wetu. Usilazimishe ufunguo hadi ukatike. Puliza vumbi, weka mafuta kidogo ya kulainishia makomeo, kisha jaribu tena kwa utulivu.

Kabla ya kuendelea, lizunguke gari na utazame nyuma. Kama buti lina tundu la ufunguo, ufunguo huo huo huenda ukalifungua na kazi ikaishia hapo.

Hatua ya tatu: kupita ndani ya gari

Ukishaingia ndani, una njia tatu za kulifikia buti bila umeme.

Njia ya kwanza ni mkono wa kuvuta ulio sakafuni au pembeni mwa kiti cha dereva. Ukiwa na picha ya gari lililofunguliwa nyuma, na ukivutwa unaonekana kuvuta waya, utafanya kazi hata betri ikiwa imekufa. Zingatia kwamba katika magari mengine mkono huo una tundu la ufunguo pembeni yake. Mtu akiufunga kwa ufunguo, hautavutika mpaka ufunguliwe kwa ufunguo.

Njia ya pili ni viti vya nyuma. Viti vya magari mengi hulala mbele. Angalia juu ya egemeo kama kuna kitufe au kamba. Katika magari mengine kuna kijimlango nyuma ya egemeo la mkono katikati ya kiti. Kwa njia hiyo unaweza kutoa mzigo wako hata kama buti lenyewe halijafunguka, na mara nyingi mzigo ndio ulioutaka.

Njia ya tatu inahusu magari ambayo mlango wake wa nyuma hunyanyuka pamoja na kioo, kama ilivyo kwa Prius na magari mengi madogo ya familia. Laza viti, tambaa hadi nyuma, kisha tazama upande wa ndani wa mlango huo, sehemu ya chini katikati. Utaona kifuniko kidogo cha plastiki. Kibandue kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa. Ndani yake kuna mkono mdogo wa komeo. Usukume kuelekea upande unaoonyeshwa, na mlango utaachia. Katika Prius niliyoitaja, njia hii ipo na mtengenezaji ameieleza katika kitabu cha gari. Shida ni kwamba magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani, na kitabu hicho, kama kimekuja, kimeandikwa Kijapani.

Hatua ya nne: kupeleka umeme mbele ili komeo la nyuma lifunguke

Tuseme gari halina viti vya kulala, na betri iko ndani ya buti. Mtengenezaji ameweka vituo vya kuunganishia umeme chini ya boneti. Boneti hufunguliwa kwa waya wa chuma kutoka ndani, hivyo haihitaji betri. Katika Prius ya kizazi cha pili, fungua boksi la fyuzi lililo mbele. Utaona kifuniko chekundu chenye alama ya kujumlisha. Hapo ndipo upande chanya wa betri ya nyuma unapofikika. Katika BMW na Mercedes-Benz zenye betri nyuma, tafuta vivyo hivyo kifuniko chenye alama ya kujumlisha ndani ya chumba cha injini.

Hapa kuna jambo linaloweza kuwaokoa fedha nyingi. Kufungua komeo kunahitaji umeme kidogo sana ukilinganisha na kuwasha injini ya kawaida. Ikiwa lengo lako ni kufungua buti tu, betri yoyote nzima ya volti 12, hata ndogo, ikiunganishwa ipasavyo inaweza kutosha. Kwa Prius kuna nafuu zaidi, kwa kuwa injini yake huzungushwa na betri kubwa ya mfumo mseto; ile ya volti 12 huamsha kompyuta na makomeo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba lazima gari livutwe hadi gereji kwa sababu tu buti halifunguki, mwombe akueleze sababu kwa undani.

Wakati wa kuazima umeme kutoka gari jingine, fuateni utaratibu huu bila kuruka hatua:

1. Zimeni magari yote mawili, na msiyaache yagusane.
2. Funga kibanio chekundu kwenye alama ya kujumlisha ya gari lenye betri iliyokufa.
3. Funga ncha ya pili ya waya mwekundu kwenye alama ya kujumlisha ya betri nzima.
4. Funga waya mweusi kwenye alama ya kutoa ya betri nzima.
5. Funga ncha ya mwisho ya waya mweusi kwenye chuma kitupu cha gari lenye tatizo, mbali na betri, si kwenye kichwa cha betri.
6. Washeni gari linalotoa umeme, subirini dakika chache, kisha bonyezeni kitufe cha buti.
7. Mkimaliza, ondoeni waya kwa mpangilio wa kinyume.

Hatua ya tano ina sababu yake. Betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche. Cheche ya kibanio cha mwisho inapaswa kutokea mbali na gesi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, sigara ikae mbali.

Kisha kuna hatari ambayo ni ya kwetu hasa. Kariakoo imejaa malori ya kushusha mizigo, na dereva wa lori ni mtu wa karibu na mkarimu. Lakini malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Ukiuingiza umeme huo kwenye gari dogo, unaweza kuunguza kompyuta na taa zake kwa sekunde moja. Uliza volti kabla ya kuunganisha. Halikadhalika, kugeuza chanya na hasi katika gari la mfumo mseto kunaweza kuharibu vifaa ambavyo bei yake ni mara nyingi ya bei ya betri. Na nyaya nene za rangi ya machungwa zilizo ndani ya gari la namna hiyo zisiguswe kabisa. Mfumo mkubwa wa Prius niliyoitaja una zaidi ya volti 200.

Yasiyofaa kufanywa

Usipige wala kukandamiza mfuniko wa buti kwa mtaimbo. Mfuniko uliopinda huingiza maji ya mvua, na mvua za masika hazina huruma kwa nguo na vyakula. Usikubali kitasa kichimbwe kabla ya njia nilizozitaja kujaribiwa. Usivunje kioo cha nyuma kwa ajili ya mzigo. Kioo chenye nyaya za kuondoa ukungu si rahisi kupatikana kilicho sawa.

Aidha, buti likishafunguka na betri iliyo ndani yake ikachomolewa, usilifunge tena mpaka betri mpya iunganishwe. Wapo wanaofungua kwa taabu, wakachomoa betri kwenda nayo dukani, wakafunga mfuniko kwa mazoea, na kurudi mwanzo. Na ufunguo ubaki mkononi mwako muda wote, kwa sababu umeme ukirudi ghafla milango huweza kujifunga.

Mtoto akiwa ndani

Yote niliyosema yanahusu mali. Kama aliye ndani ni mtoto, hesabu hubadilika. Mtoto anaweza kuingia butini kwa mchezo, au kufungiwa ndani ya gari ambalo betri yake imeisha. Joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda haraka, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Usimsubiri fundi. Piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na papo hapo vunja kioo cha mlango kilicho mbali na mtoto, ingia, laza viti au vuta mkono wa buti. Kioo hununuliwa.

Nchini Marekani, kanuni ya usalama iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2001 inataka magari madogo mapya yenye buti lililofungwa yawe na kifungulio ndani ya buti, kinachoonekana gizani, ili aliyenasa aweze kujitoa. Gari lililotengenezwa kwa soko la nchi nyingine si lazima liwe nacho. Kwa hiyo mwenye gari la mtumba asidhani kwamba kifungulio hicho kipo. Leo jioni fungua buti lako ukatazame. Kama kipo, waonyeshe watoto na waeleze kazi yake. Kama hakipo, funguo zikae mahali wasipofika, na gari lililoegeshwa nyumbani lifungwe daima.

Fundi, malipo na haki zako

Mafundi umeme na wachonga funguo wa Gerezani na mitaa ya jirani wana ujuzi mkubwa, na wengi ni waaminifu. Ninayoyasema hapa yanamlinda fundi mwaminifu pia, kwa kuwa mapatano yaliyo wazi huzuia ugomvi.

Kwanza, patana kabla ya kazi. Muulize atatumia njia gani, bei ni kiasi gani, na kama njia ya kwanza ikishindikana utalipa nini. Tofautisha bei ya kufungua na bei ya kifaa kipya. Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitenge, ambaye buti lake limegoma saa nne asubuhi. Akisema tu, «Nifungulie, tutaelewana,» amekwishapoteza nguvu ya kujadili. Akisema, «Nataka ufungue kwa kupitia ndani, bila kuchimba kitasa, na bei yako iwe hii,» amenunua huduma inayojulikana, na akiharibiwa kitu ana msingi wa kudai.

Pili, kama utaambiwa betri imekufa kabisa, omba ipimwe mbele yako. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Betri iliyoishiwa kwa sababu taa iliachwa ikiwaka inaweza kuchajiwa na kuendelea kutumika; si kila betri iliyolala imekufa. Ikibidi kununua, tazama jina la mtengenezaji, uwezo wake, tarehe ya kutengenezwa na masharti ya dhamana. Vichwa vya betri vilivyokwaruzwa na lebo iliyobandikwa juu ya nyingine ni dalili kwamba unauziwa ya zamani kwa sura ya mpya. Kwa gari lenye betri ndani ya chumba cha abiria au buti, hakikisha mpya ni ya aina ile ile, yenye mrija wa kutolea gesi nje kama ya awali ilikuwa nao.

Tatu, dai risiti ya EFD. Risiti ndiyo kumbukumbu ya nani alikuuzia nini, lini na kwa bei gani. Bila risiti, dhamana ya betri ni maneno tu.

Nne, fahamu sheria. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kudai kwamba bidhaa ni mpya ilhali si mpya, au kwamba huduma au kifaa fulani kinahitajika ilhali hakihitajiki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inaweka masharti kuhusu ubora wa bidhaa inayouzwa na kufaa kwake kwa kazi iliyonunuliwa. Maandishi ukutani yasemayo «Mali ikishauzwa hairudishwi» hayapaswi kukufanya unyamaze pale ulipouziwa kitu kibovu. Rudi kwa muuzaji kwanza, kwa adabu, ukiwa na risiti na bidhaa. Asipokusikiliza, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani (FCC). Ukishuku betri au kifaa kwamba ni bandia, Tume hiyo ndiyo pia inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na taarifa yako itawalinda wanunuzi wengine.

Siku ya kununua gari

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitangazia Bunge la nchi yake haki nne za mlaji: haki ya usalama, ya kupata taarifa, ya kuchagua, na ya kusikilizwa. Ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Ukiitazama vizuri mada yetu, haki iliyokosekana ni ile ya pili. Mtu ameuziwa gari lenye ufunguo uliofichwa, vituo vya umeme vilivyofunikwa na komeo lenye njia ya dharura, lakini hakuna aliyemweleza.

Kwa hiyo, anayenunua gari, iwe yadi au kwa mtu binafsi, aulize maswali haya kabla ya kulipa:

- Funguo ni ngapi, na ufunguo wa chuma uko ndani ya kila rimoti? Rimoti moja iliyokuja bila ufunguo wake wa chuma ni upungufu unaostahili kushusha bei.
- Betri ya volti 12 iko wapi? Mbele, ndani ya buti, au chini ya kiti cha nyuma kama ilivyo kwa Toyota Aqua?
- Kama betri haiko mbele, vituo vya kuunganishia umeme viko wapi?
- Buti linafunguliwaje bila umeme? Nionyeshe.
- Kitabu cha gari kipo, na ni cha lugha gani? Watengenezaji wengi huweka vitabu vya Kiingereza kwenye tovuti zao, na muuzaji anaweza kukusaidia kukipata.

Neno «nionyeshe» lina uzito kuliko maelezo yoyote. Muuzaji anayelijua gari lake hatachukua dakika tano. Asiyeweza kuonyesha, angalau utajua kwamba jambo hilo unapaswa kulitafuta mwenyewe kabla ya siku ya shida.

Kwa wanaomiliki magari tayari, nawaombeni mfanye jaribio wiki hii, nyumbani, mchana, buti likiwa tupu. Chomoa ufunguo wa chuma, funga gari, kisha ufungue mlango kwa ufunguo huo bila kugusa rimoti. Baada ya hapo litafute buti lako kwa kupitia ndani, kana kwamba umeme haupo. Ukifanikiwa, mwonyeshe mwenzi wako au kijana anayekuendeshea gari. Usipofanikiwa, utakuwa umeshindwa mahali ambapo kushindwa hakugharimu kitu, na utakuwa na muda wa kumuuliza fundi unayemwamini. Tena usiweke waya za kuazimia umeme ndani ya buti; ziweke chini ya kiti cha mbele. Waya zilizofungiwa ndani ya buti lisilofunguka hazimsaidii mtu.

Mwisho, betri iliyokwisha kabisa isitupwe jalalani wala kumwagwa asidi yake mtaroni. Ina risasi na asidi, na mitaro yetu hupita mbele ya nyumba ambako watoto hucheza. Mrudishie muuzaji wa betri; wengi hupokea za zamani na kupunguza bei ya mpya.

Ndugu zangu, tahadhari kabla ya hatari ni methali tuliyofundishwa shuleni tukiwa wadogo. Katika jambo hili tahadhari yenyewe ni dakika kumi za kulijua gari lako, na malipo yake ni kwamba siku betri itakapolala katikati ya Msimbazi utakuwa mnunuzi mwenye chaguo. Sasa nakaribisha maswali, na mwenye gari lililoegeshwa karibu, tunaweza kwenda kulitazama pamoja.